Pini Haikukatika kwa Ubovu

Hapa kijiji cha Raila, Kibera, maji ya kuelea boti yaliyo karibu ni Bwawa la Nairobi, nalo lilikuwa limesongwa na magugu hata beseni halipiti. Kwa hiyo nilishangaa kukuta mashine ya boti, kuukuu hasa, imefungwa kwenye ubao nje ya kibanda cha fundi wa kuchomelea. Kumbe si ajabu: majirani wengi kwao ni ziwani. Mwenye mashine, mzee wa Mbita, hukohuko ziwani, aliileta kwa basi ndani ya gunia.

Pini ya propela ilikuwa imemkatikia mara ya tatu mwaka huu.

"Mzee, nikukatie kipande cha bolti ngumu," fundi akamwambia. "Hutaiona ikikatika tena."

Waliokaa pale wote wakaafiki. Ndiyo imani ya kila gereji kuanzia hapa hadi Kawangware: kitu kikivunjika, kirudishie kigumu zaidi. Ni imani hiyohiyo inayotufanya tuweke waya mnene mahali pa fyuzi.

Pini hiyo hupita katikati ya shafti, na ncha zake mbili ndizo zinazozungusha propela. Panga la propela likigonga jiwe au likinaswa na wavu, injini haijui, inazidi kusukuma. Lazima kitu kiachie. Pini ikikataa, zamu ni ya meno ya gia, au shafti inapinda. Gia ya mashine iliyoacha kuundwa zamani utaipata wapi? Mafundi wa Kamukunji watakufulia sufuria na jiko, si hiyo.

Nilipowaeleza hayo, fundi akasema mashine za siku hizi hazina pini. Ndogo kadhaa bado zinazo. Kubwa zina mpira uliobanwa ndani ya propela, nao huteleza ukizidiwa. Udhaifu ule ule, umehamishwa tu.

Hoja nzito ilitoka kwa mzee. "Ikikatika katikati ya ziwa na upepo umechachamaa, gia nzima itanisaidia nini?"

Hilo si la kucheka. Injini inanguruma, boti haiendi, mawimbi yanaisukuma kwenye mawe. Lakini gia ikisagika, huko majini huna la kufanya. Pini unaibadilisha palepale: unazima injini, unachomoa waya wa plagi, unatoa spliti-pini kwa koleo, unavuta propela, unasukuma kwa msumari kile kipande kilichobaki ndani ya shafti, unaingiza mpya. Sharti uwe nazo za akiba, na kasia lisiachwe ufukoni.

Na mara tatu kwa mwaka? Tulivuta propela tukatazama. Kipande kilichotoka kilikuwa cha msumari, kazi ya fundi mwingine, na mfereji unaoshika pini ulikuwa umelika ukapanuka. Pini ilikuwa ikicheza humo na kugongwa kila injini ilipowashwa. Hata bolti ingegongwa vilevile.

Propela ilikuwa ya shaba, kwa hiyo fundi aliujaza mfereji na kuusawazisha kwa tupa. Ziko mashine zinazotaka pini ya chuma. Hii iliundiwa ya shaba. Akachukua fimbo ya shaba ya kuchomelea yenye unene uleule wa tundu, akaipima, akakata moja, akaijaribu. Ikaingia bila kulazimishwa.

Mzee akaishika, akaigeuza mkononi, akamwomba amkatie nyingine tano.