Gari Linalokataa Kuwaka: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Hapana ugonjwa wa gari unaomchosha mwenye gari kama ule unaokuja na kwenda. Gari lililokufa kabisa halina hila: huvutwa, hupelekwa gereji, likatengenezwa. Lakini lile linalowaka alfajiri, likakataa adhuhuri, kisha likawaka tena mara tu fundi anapofika na kisanduku chake cha spana, hilo humfanya mwenyewe aonekane mwongo. Leo twapenda kulizungumza jambo hili na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, kwa maana kwao gari lisiloaminika si adha tu, bali ni hatari.

Na tufikirie kidogo. Kituo cha polisi kimepigiwa simu usiku kwamba nyumba inavunjwa kilomita 3 kutoka hapo. Gari la doria limo uani, mafuta yamo, dereva yu tayari; ufunguo unazungushwa, nalo gari lasema "tik" mara moja na kunyamaza. Dakika 10 zinazopotea katika kulisukuma ni dakika 10 walizozawadiwa wezi. Au mwanajeshi amepewa ruhusa ya siku 2 kwenda Lira kuwaona watoto wake, naye atakiwa kuripoti kambini saa 12 jioni. Gari lake likimgomea njiani, afande hatamwuliza habari za stata. Atamwuliza habari za saa.

Lakini lipo jambo linalotusikitisha zaidi, nalo ni jinsi ugonjwa huu unavyotibiwa. Mara nyingi hautibiwi kwa kupima bali kwa kubahatisha. Gari likikataa kuwaka, betri inatupwa na kununuliwa nyingine. Baada ya wiki mbili gari linakataa tena, basi inabadilishwa stata. Mwezi haujaisha, mtu anashauriwa abadilishe na altaneta. Mshahara wa askari umeteketea, na ubovu ungali pale pale, chini ya nati moja iliyolegea. Sisi twasema wazi: kisinunuliwe kifaa chochote kabla ya kipimo. Tena twasema kwamba kipimo hicho askari yeyote aweza kukifanya mwenyewe nyumbani kwake, akiwa na mita ndogo ya kupimia volti, taa ya majaribio yenye nyaya mbili, spana, brashi ya waya, kipande cha msasa na daftari.

Ili jambo lieleweke, yafaa kwanza tuondoe kosa moja lililoenea. Watu husema, "Taa zinawaka, honi inalia, kwa hiyo betri na nyaya ni nzima." La hasha! Taa hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na stata. Stata ya gari dogo la petroli huweza kuvuta ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 yatuambia kwamba ukinzani wa kiungo ukizidishwa kwa mkondo unaopita, ndipo tunapata volti zinazopotea mahali hapo. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, taa hazitaonyesha dalili yoyote. Lakini stata ikivuta ampea 150, volti 1.5 zinapotelea hapo hapo. Ni kama daraja bovu la miti: mtu kwa miguu huvuka salama, lori haliwezi. Na kwa kuwa kiungo kibovu hubadilika kwa joto, kwa unyevu na kwa mtikisiko wa barabara, ndiyo maana gari lile lile huwaka sasa na kukataa baadaye. Halina jini wala halikurogwa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kusikiliza na kuandika. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na gari nalo lina dalili zake. Likitoa mlio wa haraka haraka, tik-tik-tik, huku taa zikififia, mara nyingi betri imepungukiwa au vichwa vyake havikushika vizuri. Likitoa mlio mmoja mzito na kunyamaza, ishuku stata yenyewe, solenoidi yake au waya wake mnene. Likinyamaza kabisa ilhali taa zina nguvu, basi amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Na injini ikizunguka kwa nguvu zake zote lakini isiwake, usiiguse betri wala stata: hizo zimefanya kazi yake, na ubovu utafutwe kwenye mafuta, kwenye moto wa plagi, au kwenye kifaa kinachoiarifu kompyuta jinsi injini inavyozunguka, ambacho katika magari mengi hushindwa kikipata joto na kurudia uzima kikipoa. Kila mara gari linapokataa, andika katika daftari: saa ngapi, injini ilikuwa moto au baridi, mvua ilinyesha au la, gari lilisimama kwa muda gani, na mlio ulikuwa upi. Kukataa mara tano kulikoandikwa vizuri humsaidia fundi kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Hatua ya pili ni betri. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba kilichojaa hutoa kiasi cha volti 2.1. Kwa hiyo betri nzima iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, husoma kiasi cha volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 imebaki nusu, ikisoma 12.0 iko karibu na kumalizika. Lakini kipimo cha kupumzika hakitoshi. Mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukishika mita kwenye nguzo zenyewe za betri: stata inapozunguka, volti zisishuke chini ya 9.6 au karibu na hapo. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka hadi 7 stata inapovuta, ni kama askari anayependeza gwarideni lakini hawezi kubeba mzigo. Hiyo ichajiwe kikamilifu na kupimwa tena. Ikiporomoka tena, hapo ndipo una haki ya kununua nyingine. Wenye malori ya jeshi yanayotumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana, wapime kila betri peke yake, kwani moja mbovu huiharibu ya pili.

Hatua ya tatu ndiyo inayoachwa na wengi, nayo ndiyo inayofichua ubovu mwingi: kupima volti zinazopotea njiani. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, nguo na mikono iwe mbali na feni na mikanda. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ufunguo uzungushwe. Kama waya wa ethi ni mzima, mita haitapita kiasi cha volti 0.2. Ikisoma 0.5, au volti nzima, umemkamata mwizi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye skrubu nene ya stata. Hapo jumla isipite kiasi cha 0.5. Kwa kuwa tunawinda ubovu unaotoweka, tikisa nyaya huku ukitazama mita, tena rudia kipimo injini ikiwa moto. Ukikuta kosa, fungua kiungo, kisugue hadi chuma king'ae, ukaze nati, upake grisi kidogo kuzuia kutu. Gharama yake ni kipande cha msasa. Waliotumikia katika vumbi la Karamoja au katika unyevu wa Kabale wanafahamu jinsi viungo hivi vinavyoliwa pole pole bila mtu kuona.

Hatua ya nne ni kuifuata amri ya ufunguo. Unganisha taa ya majaribio kati ya waya mwembamba wa solenoidi na chuma cha injini, kisha ufunguo uzungushwe wakati gari linakataa. Taa ikiwaka kwa nguvu na stata isitikisike, na nyaya nene umekwisha kuzipima, ubovu umo ndani ya stata. Katika stata nyingi za magari ya Kijapani, vipande vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi huliwa upande mmoja, gari likalia "tik" leo na kuwaka kesho. Vipande hivyo huuzwa peke yake, wala hailazimu kununua stata nzima. Taa isipowaka, rudi nyuma: relei, swichi ya ufunguo, swichi ya klachi, au ile ya gia kwa magari ya otomatiki. Gari linalokataa gia ikiwa P na kukubali ikiwa N limekwisha kukuonyesha mahali pa kutazama.

Hatua ya tano ni kuuliza kama betri inalishwa, na kama kuna anayeinyonya usiku. Injini ikiwaka, nguzo za betri zisome kiasi cha volti 13.8 hadi 14.5. Injini ikizimwa na milango ikifungwa, mkondo unaoendelea kutoka usipite ampea 0.05, lakini ngoja nusu saa au hata saa nzima, maana kompyuta za magari ya siku hizi huchelewa kulala. Mkondo ukizidi hapo, toa fyuzi moja moja hadi mita ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo inayoonyesha njia ya mnyonyaji. Madereva wa polisi wazingatie hili zaidi ya wengine. Magari yao hubeba redio za mawasiliano, ving'ora na taa za juu, vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani, na pengine kuunganishwa moja kwa moja na betri. Tena husimama kizuizini saa nyingi injini ikinguruma pole pole, wakati ambapo altaneta haitoi nguvu zake zote.

Yapo mambo ambayo twayakataza bila kusita. Using'oe kichwa cha betri injini ikiwaka ili "kujaribu altaneta". Mtindo huo wa zamani huweza kuruhusu volti kupanda ghafla na kuunguza altaneta au kompyuta ya gari. Fyuzi ya ampea 10 ikiungua usiweke ya 30, wala waya, wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni mlinzi, na ukimwua mlinzi moto huingia. Usiwashe gari la volti 12 kwa betri za lori la volti 24. Usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ukifungua nyaya za betri anza na ya hasi. Ukizirudisha, ya hasi iwe ya mwisho.

Pengine atatokea mtu aseme kwamba kazi ya askari si ufundi, na kwamba gereji zipo. Sisi hatukubaliani naye. Askari si mfua bunduki, lakini hapana askari anayengoja mfua bunduki amsafishie silaha yake. Wala hatusemi kwamba mtu alifungue gari la serikali bila ruhusa. Hilo ni kosa la nidhamu. Gari la kazi liripotiwe kwa ofisa wa usafirishaji, lakini ripoti isiwe "gari linasumbua". Iwe na tarehe, saa, mlio uliosikika na volti zilizosomwa. Mwingine atasema kwamba magari ya leo yana kompyuta na yahitaji mashine ya kuyasoma. Ni kweli, lakini kompyuta nayo hula volti. Zikishuka mno, yaweza kuandika makosa mengi yasiyokuwapo, na mtu akabadilisha vifaa vizima. Hata mwenye mashine hana budi kuanza na betri na ethi.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wakuu wa kambi na vituo: kila kikosi kiwe na mita moja na daftari moja la magari, na saa moja katika kila mwezi itengwe ili madereva wafundishwe kupima. Mita ya kawaida haifikii bei ya betri moja iliyonunuliwa bure. Na kwa askari mwenye gari lake, tunamwambia hivi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii, kabla gari halijakuaibisha, pima betri, pima ethi, uziandike tarakimu zake zikiwa nzuri. Siku litakapokataa utakuwa na tarakimu za kulinganisha, na atakayetaka kukuuzia stata usiyoihitaji atalazimika kwanza kujibu maswali yako.