Taa ya Sokoni Nayo ni Ulinzi

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Malaba kabla jua halijachomoza huogopa watu wawili. Wa kwanza ni mwizi. Wa pili ni mwenye sare. Fedha za umma zinazoitwa za usalama humkinga kwa nadra dhidi ya wa kwanza, na mara nyingine ndizo zinazomlipa mshahara wa pili.

Nchini Kenya, ambako wapiga kura watarejea vituoni Agosti 10, 2027, hili lingepaswa kuwa swali la awali kwa kila anayeomba udiwani au ugavana katika kaunti za mpakani. Halijawa. Wagombea huahidi barabara na basari. Wakifika kwenye usalama husema wataongeza magari na askari, makofi yanapigwa, mkutano unasonga mbele. Hakuna anayeuliza magari hayo yatakuwa ya nani.

Swali hilo lina jibu, nalo limo katika Katiba ya 2010. Polisi ni wa Serikali ya Kitaifa, na amri wanapokea kutoka kwa Inspekta Jenerali. Kaunti zilikabidhiwa masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, maegesho na kuzima moto. Gavana hana hata konstebo mmoja wa kumtuma. Hata hivyo, zipo kaunti zilizotumia fedha zake kana kwamba anaye. Machakos, enzi za Gavana Alfred Mutua, iliwanunulia polisi magari ya doria, na wengi walisifu. Sifa hizo haziondoi ukweli kwamba anayenunua gari si yeye anayeamua linakwenda wapi usiku.

Askari ambao kaunti inawaamuru kweli ni wale wa kutekeleza sheria ndogo, ambao Nairobi huitwa kanjo. Mama mboga anawajua kuliko anavyowajua polisi. Wanakuja na gari wazi, wanapakia nyanya, mizani na mwavuli, na kinachofuata ni faini au mazungumzo ya pembeni. Kwenye vitabu vya kaunti, mafuta ya gari hilo na mishahara ya walio ndani yake vinaweza kuhesabiwa kuwa gharama za kuweka utulivu. Kwa aliyepakiliwa nyanya zake, huo ni wizi wa mchana.

Madhara yake hayaishii sokoni. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi katika Afrika Mashariki. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi 2018, na cha Namanga mwaka huohuo. Njia halali ipo, na kwa mwenye magunia mawili ya maharagwe ni rahisi. Kinachomtoa humo ni hesabu nyingine: nje ya lango kuna anayedai chake, sokoni kuna mwingine, na barabarani kati ya hapo kuna wa tatu. Akijumlisha, njia ya panya inaonekana nafuu. Anafunga mzigo kwenye boda boda, anapita vichakani gizani akiwa na fedha taslimu mwilini, na huko ndiko wanakoporwa watu, ndiko wanawake wanakodhulumiwa kwa namna ambayo hawaendi kuripoti. Kituoni ataulizwa alikuwa akifanya nini njia ile. Kwa hiyo shilingi iliyotumika kumsumbua mchuuzi mchana imemfukuza kumpeleka kwa mhalifu usiku.

Shilingi hiyohiyo ingeweza kufanya kazi nyingine. Wakenya wameipa taa ya mlingoti mrefu jina zuri, mulika mwizi, na jina hilo lina maana kuliko hotuba nyingi za usalama. Soko lenye taa inayowaka huruhusu mzigo ushushwe saa kumi alfajiri mbele ya macho ya watu. Tatizo ni kwamba kusimamisha mlingoti kuna utepe wa kukatwa na picha za kupigwa. Kulipa bili ya umeme na kubadilisha balbu hakuna. Si ajabu kukuta mlingoti umesimama, mwizi amesimama chini yake, na wote wawili wako gizani. Pamoja na taa kuna stoo ya kufungwa kwa kufuli, ili asiyeuza akamaliza asilale juu ya gunia lake. Kuna choo kilicho karibu na chenye mlango. Kuna mlinzi wa soko anayejulikana kwa jina, na karani anayepokea ushuru kwa simu na kutoa risiti, ili pasiwe na vibunda vya noti mikononi mwa watu. Haya yote kaunti inayaweza bila kuomba ruhusa Nairobi.

Wapo wafanyabiashara watakaosema wanataka polisi zaidi, na hawana kosa. Aliyevunjiwa kibanda mara tatu hahitaji kuhubiriwa kuhusu choo. Mjini Minneapolis, Marekani, ambako polisi walimuua George Floyd mwaka 2020, wapiga kura waliulizwa Novemba 2021 kama idara ya polisi ibadilishwe kuwa idara ya usalama wa umma. Takriban asilimia 56 walikataa. Polisi wakipungua, nani atakuja mtu akipiga simu usiku? Wengi hawakuridhika na jibu walilopewa. Denver ilianza kwa unyenyekevu zaidi: tangu Juni 2020, baadhi ya simu za dharura zinapokelewa na mhudumu wa afya ya akili pamoja na tabibu wa huduma ya kwanza, badala ya askari mwenye bunduki. Mgombea wa Busia anayetaka kupunguza bajeti ya kanjo naye atangulize kusema fedha hizo zinakwenda kwenye taa ipi, soko lipi.

Kuna ugumu mwingine ambao wanasiasa huutumia vizuri. Mganda anayeuza Busia ya Kenya analipa ushuru wa soko sawa na Mkenya, lakini hana kura. Mtanzania anayeuza Taveta ni vivyo hivyo. Diwani akipiga hesabu zake, hao hawamo. Ila Katiba ya Kenya ina neno dogo lenye faida kwao. Kifungu cha 38, kinachohusu haki za kisiasa, kinasema kila raia. Kifungu cha 37, kinachoruhusu watu kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa mamlaka za umma, kinasema kila mtu. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mtu, bila kutaja uraia wake, haki ya kuliandikia bunge la kaunti. Mganda na Mkenya wanaouza meza moja wanaweza kutia sahihi karatasi moja, mmoja akiwa na kura ya kuitia uzito.

Sheria ya fedha za umma inataka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wasikilizwe kabla hayajapitishwa. Kwa madiwani waliopo sasa, bajeti ya mwisho ni ile ya Aprili 2027, miezi mitatu na siku chache kabla ya kura. Busia na Malaba zote ziko ndani ya Kaunti ya Busia, kwa hiyo bunge ni moja na vikao vya kuwasikiliza wananchi ni vya bunge hilo. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili viende na orodha ya milingoti isiyowaka, soko kwa soko, na kando ya kila mmoja viandike jina la diwani wa wadi hiyo.