Nyumba ya kobayi

Hapa Kibati tumezoea kuacha kobayi wazunguke jikoni. Juzi paka alimaliza watoto watatu usiku mmoja, na tulikuwa tumewahesabia madaftari ya shule.

Sasa tunapiga sanduku la mbao. Kobayi haruki sana: ukuta wa sentimita 50 unatosha, ila juu tufunike waya, sababu ya paka. Chini, waya hapana! Unaumiza nyayo, na miguu ya watoto inanasa. Mawe yetu ya volkano nayo yanakwaruza. Tuweke mbao na majani makavu, tubadilishe yakilowa. Dume awe mmoja, wawili wanapigana. Hata baridi ikizidi, tusiwarudishe kwenye moshi; tuongeze majani.