Mali bila Daftari: Wageni wa Geita na Wageni Wetu

Ndugu Wanachama,

Katika miezi hii wanachama kadha wametujia ofisini kwa jambo moja. Wako walioongeza vyumba viwili vitatu ili kulaza wageni wanaokuja kutazama mikarafuu, na wako wanaowatembeza wageni mashambani mwao. Wote wauliza: Je, Chama kinunue kompyuta ya kuandikia wageni hao, au kila mtu ajitegemee na kujiandikisha kwa makampuni ya ng'ambo yanayouza vyumba katika intaneti? Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Sisi tunayo rai yetu, na twaona yafaa kuieleza mapema, ili kila mtu aje mkutanoni akiwa amekwisha kulifikiri.

Rai yetu ni hii: kompyuta inunuliwe, lakini daftari litangulie, na khabari zilizomo ndani yake ziwe mali yetu wenyewe.

Mfano wetu twautoa mbali kidogo, katika nchi ya dhahabu ya Shinyanga na Geita. Mwanachama atasema, dhahabu na karafuu wapi na wapi? Jawabu ni kwamba vijana wetu wako huko wakifanya biashara, nasi tumefika kuwatazama. Tena, dhahabu na karafuu ni ndugu kwa jambo moja: zote mbili hujaza vitanda kwa msimu, kisha huviacha vitupu. Huku kwetu mavuno yakija, wachumaji na wanunuzi hutafuta pa kulala; mavuno yakisha, mlango hufungwa. Huko, khabari ikienea kwamba pahala fulani pametoka dhahabu, watu kwa maelfu huhamia, na nyumba za kulala wageni huota kama uyoga. Dhahabu ikikatika, watu huondoka usiku mmoja.

Hata migodi mikubwa haikai milele. Almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi, ulio karibu kabisa na mji wa Kahama, mwaka 2009. Huo wa Buzwagi ukamaliza kazi yake mwaka 2021. Basi fikirini hali ya mwenye gesti mjini Kahama. Ikiwa daftari lake lamweleza kuwa katika wageni kumi, watatu huletwa na mgodi na saba huletwa na biashara ya mchele, atajua nini la kufanya siku mgodi unapofungwa. Ikiwa hajui, ataona vitanda vitupu tu, wala hatajua sababu wala dawa.

Yuko atakayesema kwamba gesti zote zina daftari. Ni kweli. Mgeni akifika huandikwa jina, kabila, kazi, atokako na aendako, kisha hutia sahihi. Lakini daftari hilo huandikwa kwa ajili ya askari na afisa atakayekuja kulikagua. Mwenyewe halisomi. Likijaa hutupwa chini ya meza, na jingine hununuliwa. Khabari za mwaka mzima zimo humo: mwezi gani watu ni wengi, nani amerudi mara tano, nani alilala siku moja akakimbia. Zote zafukiwa na vumbi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Nasi twaongeza kuwa daftari lisilosomwa ni sawa na kutokuwa nalo.

Tazameni upande wa dhahabu yenyewe jinsi mambo yalivyobadilika. Zamani mchimbaji mdogo alikwenda kwa dalali na punje zake, dalali akashika mizani yeye na bei akaijua yeye. Tarehe 17 Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, la kwanza la namna yake nchini. Huko dhahabu hupimwa mbele ya watu, bei hufuata soko la dunia, na kila mauzo huandikwa. Sisi wakulima wa karafuu hatuhitaji kufundishwa jambo hili, kwani mababu zetu waliteswa na dalali huyo huyo, na leo tunajua maana ya kwenda kituo cha ZSTC na bei imekwisha kutangazwa. Ajabu ni kwamba mtu aijuaye thamani ya mizani katika zao lake huiacha anapolaza wageni.

Katika gesti moja ya Kahama, ambayo hatuitaji jina, tulishuhudia chumba kimoja kikipewa watu wawili. Mwenye nyumba alikwisha kukiahidi kwa simu, na karani mlangoni akakitoa kwa mwingine aliyefika na fedha mkononi. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na mgeni wa simu aliondoka akiapa kutorudi tena. Maradhi haya ndiyo yaliyoleta kompyuta katika kazi ya wageni. Huko Marekani, shirika la ndege la American Airlines pamoja na kampuni ya IBM walitengeneza mfumo uitwao SABRE katika miaka ya 1960, ili kiti kimoja kisiuzwe mara mbili na makarani walio miji mbalimbali. Hoteli za Holiday Inn zikafuata mwaka 1965 na mfumo wao uitwao Holidex. Chumba kikishachukuliwa, makarani wote hukiona kimechukuliwa. Leo kazi hiyo yafanywa hata na simu ya mkononi.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta ni karani asiyesahau, wala si karani mwaminifu kwa tabia. Ukimwandikia uongo atautunza uongo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wageni wengi hulipa kwa simu. Ikiwa fedha zaingia katika simu ya karani badala ya namba ya malipo ya biashara, hapana kompyuta itakayoziona. Umeme nao hukatika. Kwa hivyo lazima nakala ya kila siku iwekwe pahala pengine. Na khabari za wageni ni amana: Bara imekwisha kupitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na heshima hiyo hiyo yatupasa hata tusingalishurutishwa na sheria.

Sasa twende kwa makampuni ya ng'ambo. Hatuyapingi. Mgeni wa Geita aghalabu ni mfanyabiashara wa nchi hii hii. Akishalala mara moja na kuridhika, hupiga simu mwenyewe mara ya pili, wala hapana wa kati anayekula kitu. Lakini mtalii wa Ulaya anayetaka kuona hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1977, au Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, hana namba ya simu ya mtu yeyote. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limemrahisishia njia kutoka Mwanza, lakini kitanda atakitafuta katika intaneti. Ndivyo alivyo mgeni wetu wa mikarafuu. Kampuni kama Booking.com, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, humleta, na kwa kazi hiyo hutoza aghalabu kiasi cha asilimia 15 ya bei ya chumba. Ni haki yao.

Khasara yetu kubwa haimo katika asilimia hiyo. Imo katika kumwachia mwingine khabari zote: nani alikuja, kutoka wapi, alipenda nini, atarudi lini. Hapo mwenye shamba hugeuka kuwa mchumaji katika shamba lake mwenyewe. Mgeni aje kwa njia yoyote, lakini akishaingia mlangoni mwetu aandikwe kwetu, na akitaka kurudi ajue namba yetu.

Wako wanaosema kompyuta itawanyima vijana kazi. Sisi twaona kinyume chake. Vyumba vyetu ni vichache na vimetawanyika. Kijana mmoja au wawili waliosoma wataweza kuvitunza vyote katika orodha moja ofisini, kazi ambayo leo haiko kabisa. Wako pia wanaosema gharama ni kubwa. Kwa mtu mmoja ni kubwa. Kwa Chama yachukulika.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kuanzia sasa kila mwanachama mwenye vyumba au mwenye kutembeza wageni aandike kila mgeni, siku alizokaa, nani aliyemleta, na kiasi alicholipa, na kila mwisho wa mwezi ajumlishe. Pili, baada ya msimu mmoja, madaftari hayo yaletwe ofisini, tuone kwa hesabu kama wageni wetu watosha kununuliwa kompyuta na programu. Tatu, ikinunuliwa, iwe ya Chama kizima, na kila mwanachama aweze kuona khabari za vyumba vyake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Aliyesoma chuoni ajua kwamba aya ndefu kupita zote katika Msahafu yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandika si kumtilia mwenzako shaka, bali ni kuulinda udugu usije ukavunjika kwa kusahau. Asiyekubaliana nasi na aje mkutanoni na hoja yake, na mwenye daftari na aje nalo.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama