Mpira Haumgeuzi Mtu

Jumapili iliyopita, kanisani hapa Arua, mhubiri aliwaonya wazazi: binti akicheza mpira hugeuka mwanamume. Akataka wasichana wote wa timu za shule wakaguliwe miili. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitoka nje, nimekasirika.

Mpira una uzito gani? Mama zetu wa Koboko hushika jembe tangu alfajiri, wakarudi na kuni kichwani, mtoto mgongoni, kisha wakafuata maji kwa jerikeni la lita 20. Kama sulubu ingegeuza watu, wilaya nzima isingebaki na mwanamke. Jembe limeshindwa, mpira utaweza?

Shuleni Koboko nilicheza na winga mmoja wa kushoto. Sote tulimwita dada. Ukubwani ndipo aliponieleza kwamba alijijua mvulana tangu utotoni, kabla hajagusa mpira wowote. Uwanjani ndipo pekee alipovaa kaptula bila kugombezwa. Filimbi ya mwisho ikilia, alirudi kwenye gauni na kunyamaza. Leo wapo wanaosema alitudanganya. Alimwibia nani? Alicheza timu aliyopangiwa na walimu, akaficha kwa sababu angepigwa. Machi 2023 Bunge letu la Uganda lilipitisha mswada uliofanya hata kujitambulisha kuwa transjenda kuwa kosa. Kipengele hicho kiliondolewa kabla Rais hajatia sahihi mwezi Mei, lakini hofu ilibaki majumbani.

Na huo ukaguzi, tumeshauona. Mwanariadha Annet Negesa alituletea dhahabu ya mita 800 kutoka Maputo mwaka 2011. Yeye si transjenda. Alizaliwa na mwili wenye testosteroni nyingi. Mwaka 2012 alipimwa, akazuiwa kwenda Olimpiki ya London, akafanyiwa upasuaji ambao anasema hakuelezwa ukweli wake. Mbio zake zikafa, akaishia kuomba hifadhi Ujerumani. Hao ndio mabinti zetu mnaotaka kuwavua nguo?

Tena hao waitikiaji wa amina hawajawahi kuwanunulia wasichana hata jezi. Michango ya viatu hupitishwa kila msimu, na kila msimu huishia kwa wavulana. Timu yetu ilicheza peku kwenye changarawe.

Winga wangu aliacha mpira siku alipomaliza shule. Hapakuwa na timu ambayo angeingia bila kuulizwa yeye ni nani. Mpaka leo, tukipita uwanjani, hutazama goli la upande wa kushoto, halafu huniomba tupite haraka.