Tumsalimie Mwenye Mzigo

Wana-Tabora wenzangu, mji wetu umejengwa na miguu ya wageni. Kabla reli haijatufikia mwaka 1912, mtu aliyetoka Bagamoyo alitembea takriban miezi mitatu ndipo afike Unyanyembe, huku kwetu, naye mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi mwenyewe, alibeba karibu frasila mbili. Msafara haukupita kwa bunduki tu. Ulipita kwa hongo iliyotolewa kwa mtemi mwenye nchi, na kwa utani: Mnyamwezi aliyefika kwa Wagogo au Wazaramo alitaniwa, naye akatania, na msiba ukitokea ugenini mtani alikuwa na kazi yake matangani. Adabu ilikuwa chombo cha safari, kama kibuyu cha maji. Maelewano yalipovunjika mwaka 1871, Waarabu wa Tabora na mtemi Mirambo wakapigana vita, njia ya Ujiji ikaziba. Msafiri Stanley ilimbidi azungukie kusini.

Yuko atakayenikatiza: njia unayoisifu si ndiyo iliyopitisha watumwa kwenye minyororo, huku mabwana wakikaribishana kwa upole barazani, ndani ya matembe? Ndiyo, na sitafuti pa kuukwepa ukweli huo. Mabwana wale hawakukosa heshima. Waliigawa kwa kuchagua. Basi adabu ipimwe kwa mwenye mzigo, wala si kwa mwenye mkeka. Kwa kipimo hicho nasi hatujambo sana? Mzee mwenye mvi anayesukuma mkokoteni sokoni huitwa "we, njoo hapa!", na kijana aliyeteremka kwenye gari hupewa "shikamoo bosi" na mtu wa umri wa baba yake. (Shikamoo ikishaanza kufuata gari, sijui tutaiita nini.)

Wengine watasema salamu hazijazi tumbo, na mjini watu wana haraka. Lakini salamu ya "mwangaluka" ni pumzi moja. Kinachokula muda ni kule kusukumana dirishani, kila mmoja akidai ndiye aliyetangulia, mpaka karani anaweka kalamu chini kungoja kelele ziishe. Foleni ingekuwa imeshakwisha.

Kwa hiyo nawaomba wenye vijiwe vya bodaboda, wenye maduka, makarani na wasafiri, tukae kijiwe kwa kijiwe tukubaliane: bei isitajwe kabla ya salamu, mwenye mzigo kichwani apishwe kwanza, na mzee aitwe mzee hata kama kanzu yake imechanika. Hakuna haja ya kungoja barua ya mkuu wa wilaya. Tuanzie stesheni, maana pale ndipo msafara unapofikia siku hizi. Treni ya Kigoma ikisimama, tunaopanda turudi nyuma hatua mbili, ashuke kwanza mama mwenye mtoto mgongoni na dumu la mawese mkononi. Na mmoja wetu amshikie hilo dumu.