Goma: Kamera pekee hailindi butiki

Juu ya milango ya butiki kadhaa za Goma, siku hizi kunaonekana kamera ndogo za ulinzi. Mwenye duka anaifunga, anaiunganisha na simu yake, kisha analala akiamini mali iko salama. Usiku umeme unakatika, na intaneti inaenda nao. Kamera inabaki jicho lililofumba, na mwizi analijua hilo kabla ya mwenye mali.

Kamera si kitu kibaya. Ubaya ni kuinunua peke yake. Ulinzi wa biashara ndogo ni mlango, kufuli, taa, zamu, jirani, na namna pesa zenyewe zinavyotembea, vyote vikishikana. Zamu anayelipwa kwa kuchelewa, asiye na filimbi wala namba ya simu ya jirani, atafanya nini hata akiona watu watatu mlangoni? Tena butiki nyingi hapa ni za mbao, zimesimamishwa juu ya mawe ya volkano. Kuweka kufuli ya bei kali kwenye ubao unaong'oka kwa nondo moja ni kumchekesha mwizi.

Walio katika hatari kubwa ni wauza yunite, mawakala wa pesa za simu na wabadilishaji wa dola. Kwa miaka mingi wamekuwa wakivamiwa, na wengine kuuawa, mara nyingi jioni, wakifunga kibanda au wakikaribia nyumbani na mfuko mkononi. Tangu benki zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia mjini, noti zilizokuwa zikilala benki zinalala vibandani na chini ya vitanda. Hapo kamera ya mlangoni haifiki: mtu anafuatwa njiani. Kinachoweza kupunguza hatari ni wakala mwenye noti nyingi saa kumi alasiri kumtafuta mwenzake mwenye salio kwenye simu lakini aliyeishiwa noti, wakabadilishana wakati wateja bado wanatoa pesa, ili kila mmoja afunge na kidogo. Na afunge jua lingali juu, bila kupita njia ileile kila siku.

Wanaolifahamu jambo hili kuliko wengi ni wamama wa AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Utaratibu wao ulianzia nchini Niger mwaka 1991, kupitia shirika la CARE, na umeenea hadi katika familia za wahamaji wa vita. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mwingine wa nne. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Kikundi kinachoendeshwa vizuri kinakopesha karibu zote siku hiyohiyo ya mkutano, kwa hiyo anayeiba sanduku anaondoka na sanduku lenyewe, vitabu vya mihuri na vijinoti vichache. Hakuna umeme wala intaneti hapo. Lakini kila kipande kinakitegemea kingine, na hicho ndicho wenye butiki wengi wanachokosa. Mwenye butiki anashika ufunguo, mfuko na nambari ya siri ya simu, yeye peke yake, na mtaa mzima unajua.

Halafu kuna filimbi. Katika mitaa mingi ya Goma na Bukavu, watu wamezoea kupiga filimbi na sufuria wezi wanapoingia usiku. Kelele hiyo imeokoa watu. Imeua watu pia. Mtu akipigiwa kelele za mwizi, mawe yanafika kabla ya maswali, na anayekufa upesi ni yule ambaye hakuna anayemfahamu: kijana aliyetoka Masisi au Rutshuru, aliyefika mtaani juzi. Kamera inaongeza hatari hiyo pale mwenye duka anaporusha picha ya sura isiyoonekana vizuri katika kundi la WhatsApp na kuandika chini yake neno moja, mwizi. Picha ikionyeshwa kwanza kwa shefu wa avenyu na majirani wachache, kosa linaweza kusahihishwa. Ikisambaa, hairudi.

Kuna na wamama wenye meza. Kambi zilizouzunguka mji zilipovunjwa Februari 2025, baadhi ya familia zilirudi Sake na vijiji vya mbali, nyingine zilibaki kwa jamaa au kwenye vyumba vya kukodi. Mama anauza nyanya, makala au sabuni mbele ya duka la mtu, na mtaji wake wote uko juu ya meza hiyo. Wenye maduka wengine wanamfukuza kwa kusema analeta wezi. Ukweli ni kwamba anakaa pale tangu asubuhi hadi giza, anajua nani amepita mara tatu bila kununua. Taa moja ya sola juu ya duka inamwangazia na yeye bila gharama zaidi. Siku wenye butiki wa avenyu wanapokutana kupanga nani ana filimbi na nani anapigiwa simu kwanza, huyo mama naye aitwe, na namba yake iandikwe.